Katekista wa Itundwe

Chungu kilikuwa bado kinachemka. Hicho ndicho nilichokiona kwanza baba na mwenzake waliponitua katikati ya kijiji cha Itundwe: chungu cha mlenda juu ya mafiga, povu linamwagikia motoni, na mwiko umeangushwa mchangani. Kuku walikuwepo. Mbwa mmoja mwekundu alikuwepo pia, akatubwekea kidogo kisha akachoka. Watu hawakuwepo hata mmoja.

"Wamekwenda shamba," alisema baba.

"Shamba gani hilo la kuacha mlenda unamwagika?"

Mzee Kashindye, rafiki wa baba tangu ujana wao, ndiye aliyekuwa ameshika nyuma ya machela. Alifuta jasho, akainama kuangalia nyayo. Zilikuwa za wakubwa kwa watoto, vidole vimechimba mchanga, na zote zinaelekea msituni. Mzee Kashindye alijua kusoma nyayo kuliko mimi nilivyojua kusoma katekisimu, na alichokisoma pale hakukipenda.

Walikuwa wametukimbia. Mimi Leonia, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye tangu azaliwe hajaweza kumkimbiza hata kifaranga, nilikuwa nimekimbiza kijiji kizima.

Nitaieleza ilivyokuwa, maana siku hizi habari hii kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wamekwisha kunifanya mtakatifu. Mtakatifu wapi. Nilikuwa na hasira tu, na Mungu akaona ina kazi.

Miguu yangu ilikufa nikiwa na miaka minne. Homa ilikuja siku tatu, ilipoondoka ikaondoka nayo. Tangu hapo ninatambaa. Magoti nayafunga ngozi ya mbuzi, na viganjani nashika vibao viwili vya mninga alivyonichongea baba. Mikono yangu ina nguvu. Wakati ule ningeweza kuketi chini nikatwanga kinu kimoja na wanawake wawili waliosimama, nao ndio wangeomba kupumzika.

Baba yangu, Masolwa, alikuwa mpagazi. Kwa Wanyamwezi wa rika lake, kijana hakuitwa mwanamume mpaka amekwenda pwani na mzigo begani na kurudi. Baba alikwenda mara saba, akabeba pembe za ndovu na marobota ya nguo, na mara mbili alibeba Wazungu wenyewe. Kisha Mjerumani akaleta reli, garimoshi likafika Usinge, na njia ya misafara ikaota majani. Baba akarudi kulima mihogo na sugu lake begani. Alipata mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hakutembea. Sikumsikia hata siku moja akilitaja jambo hilo. Alininyamazia kwa upole, nami sikuupenda upole wake.

Misheni ilikuwa jirani na kwetu. Kabla sijatimiza miaka kumi nilikuwa naijua katekisimu nzima kwa moyo, na nilipokua nikawa naieleza pia, jambo ambalo wengi wenye miguu yao hawakuliweza. Wanawake walikuja kwetu jioni niwarudishie masomo waliyoyasahau. Niliwafundisha huku nachambua mboga.

Mwaka ule ndipo Hilari, katekista wa Itundwe, alipoacha kazi akaenda mkongeni Tanga. Aliwaacha wakatekumeni kumi na tisa, watu waliosomea ubatizo miaka mitatu na wakabakiza miezi michache. Baada ya Misa, Padri Wenceslaus, Mzungu mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi, akatangaza kwamba hana mtu wa kumpeleka na kwamba kigango cha Itundwe, kanisa dogo lililo chini ya misheni, atakifuta.

Nilimsubiri mlangoni. "Padri, mimi nipo."

Alinitazama usoni. Kisha akafanya kile ambacho watu wote hukifanya, akateremsha macho mpaka kwenye magoti yangu.

"Leonia," alisema, "Mungu hamdai mtu kitu asichompa."

"Kanipa mdomo, Padri."

"Katekista ni miguu kwanza, mdomo baadaye. Itundwe ni mwendo wa saa tano. Utafikaje? Wewe waombee. Kuomba nako ni kazi."

Kuomba nako ni kazi. Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi maishani, na kila mara anayeyasema ni mtu aliyekwisha kuvaa viatu vya safari. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu mambo ambayo mpaka leo sijayaungama.

Baba alikuwa uani anasokota kamba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimebeba pembe za watu nisiowajua mpaka pwani," akasema. "Nishindwe kukubeba wewe mpaka Itundwe?"

Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa kosa la fahari. Baba hakujua kumbeba mtu ovyo. Alijua machela inavyopaswa kuwa, naye akaitengeneza hivyo hasa: mti mrefu ulionyooka, turubai imefungwa pande mbili, na juu yake kivuli cha kitambaa cha merikani nyeupe aliyoipata kwa mbuzi wetu mmoja. Mzee Kashindye alipoiona alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kwake akarudi na barugumu yake ya pembe ya mnyama, ambayo haikupulizwa tangu reli ifike.

Tuliondoka alfajiri. Mwanzoni walikuwa wanasimama kila mara, wanaguna, wanabadilishana bega. Jua lilipopanda, mabega yao yakakumbuka kazi. Wakapata mwendo wao ule wa zamani wa haraka na wa pamoja, nami nikalala ndani ya turubai naangalia majani yanapita juu yangu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kwenda kasi namna ile. Nililia kidogo, na nikashukuru kwamba kivuli kimenificha.

Tulipoikaribia Itundwe wakaanza kuimba, na Mzee Kashindye akapuliza barugumu. Ndivyo misafara yote ilivyofanya zamani, wenyeji wapate kujua kwamba wageni wanakuja kwa amani, wachote maji, waweke sufuria. Wazee wale wawili hawakufikiri hata kidogo kwamba zamani imepita.

Mwaka ule malale yalikuwa yameingia msituni. Mbung'o walijaa, watu walisinzia mpaka wakafa, na Serikali ilikuwa inavihamisha vijiji vidogo, inavikusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, na nyuma yake nyumba zinachomwa. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa anapita na machela yake yenye kivuli cheupe, karani anahesabu nyumba na vichwa. Kijiji kilichohesabiwa mwezi huu kilihamishwa mwezi ujao. Kwa hiyo watu wa Itundwe walikuwa na desturi yao: wakikiona kivuli cheupe, wote msituni, mpaka mgeni achoke aende zake.

Na sisi tulikuwa tumewapelekea kivuli cheupe na barugumu juu yake.

Tukiwa tumesimama pale, tukasikia mtu anakohoa.

Kikohozi kilitoka nyumba ya tatu. Nilimwambia baba anishushe chini, nikashika vibao vyangu, nikaenda. Ndani mlikuwa na harufu ya mkojo na moshi uliolala. Kwenye kitanda cha kamba alilala bibi kizee mwembamba, uso ameuelekeza mlangoni, na mkononi ameshika mchi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia mama zetu.

Alinitazama nikitambaa kutoka kizingitini mpaka miguuni pake.

"Machela yote ile," akasema, "halafu aliyekuwemo anatambaa?"

"Ndiyo, mayu."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipopata pumzi akauweka mchi chini. "Nilikuwa namngoja Mzungu aje anichomee nyumba nimo ndani. Nilikuwa nimemwandalia matusi mazuri sana. Sasa nitayapeleka wapi?"

Jina lake lilikuwa Nyamizi. Nyonga ilimvunjika alipoteleza kisimani, miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakuinuka. Nikamwuliza wenzake wako wapi.

"Hukuiona migongo yao?"

"Wamekuacha peke yako?"

"Hii mara ya tatu. Huwa wananiwekea maji kwenye kata. Leo haraka ilikuwa kubwa, wameisahau kata."

"Huna mtoto, mayu?"

"Ninaye. Ng'washi, mwanangwa wa hapa, mkubwa wa kijiji. Ana mbio huyo tangu utoto wake." Alisema hivyo bila uchungu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilimwita baba alete maji. Nilimgeuza Nyamizi upande, nikaona kidonda mgongoni pake, kipana kuliko kiganja changu, nzi wamekaa. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Alinitukana kweli kweli, matusi yale mazuri yakapata mwenyewe. Kisha nikaketi mafigani pa mwanamke nisiyemjua, nikasonga ugali kwa unga wake, nikauepua mlenda wake, nikamlisha Nyamizi, na baba na Mzee Kashindye wakala. Kila nilipokumbuka kwamba wale waliokimbia ni pamoja na wakatekumeni kumi na tisa, watu waliobakiza miezi michache kubatizwa, niliupiga mwiko chunguni kwa nguvu.

Walirudi jua likiwa limepinda, mmoja mmoja, wanachungulia. Ng'washi alikuwa mbele, mtu wa makamo, kifua kipana, fimbo mkononi. Alituona, akaiona machela, akanitazama mimi nilivyo, na aibu yake ikageuka hasira hapo hapo.

"Nani amekupa ruhusa ya kupanda hiyo?" akauliza. "Mnawatia watu hofu, watoto wameangukia miiba. Nitakupeleka kwa mtemi ushitakiwe."

"Nipeleke. Ila itabidi unibebe."

Wanawake wawili nyuma yake wakacheka wakajiziba midomo.

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu wenu wa dini."

"Katekista ni mwanamume."

"Katekista wenu mwanamume yuko Tanga anakata mkonge. Mimi niko hapa, na somo linaanza sasa. Wanaosomea ubatizo waje mbele. Amri ya nne."

Sijui kwa nini walitii. Labda ni mazoea tu. Walikuja, wakasimama mbele yangu, na Ng'washi akiwa mmoja wao, wakasema kwa sauti moja: waheshimu baba na mama. Hilari alikuwa mwalimu mzuri. Hawakukosea hata neno.

"Vizuri," nikasema. "Sasa aliyempa Nyamizi maji leo anyooshe mkono."

Mbwa mwekundu alijikuna. Nikamtazama Ng'washi mpaka akaangalia pembeni. Watu wale wangeweza kunibeba wakanitupa porini na baba asiweze kuwazuia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza.

"Mtu asiye na miguu ndiye aliyebaki na mama yenu," nikawaambia. "Kesho asubuhi nawataka hapa wote. Na mje na maji."

Baba na Mzee Kashindye walirudi nyumbani tukiwa tumekubaliana watanifuata baada ya wiki. Walipokuja walileta barua ya Padri. Malalamiko ya machela yalikuwa yamemfikia, na yeye alikuwa amekasirika. Aliandika kwamba nimekitia kigango aibu mbele ya Serikali, kwamba ni marufuku kupanda machela tena, na kwamba nirudi nyumbani mara moja.

Niliisoma mara mbili, kisha nikaomba kalamu.

"Baba Padri," niliandika, "nimepokea amri mbili kwa barua moja. Ya kwanza, nisipande machela. Ya pili, nirudi nyumbani. Nimeanza na ya kwanza, nami nitaitii vizuri sana. Ya pili nimeshindwa, kwa sababu ya ya kwanza."

Nilimsomea baba. Alicheka, na mimi sikuwa nimemsikia baba akicheka namna ile tangu nikiwa mdogo. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Mgongoni je? Mgongo hakuukataza."

"Najua, baba. Usimkumbushe."

Alikaa hivyo hivyo amechuchumaa kwa muda, amenipa mgongo, kama anayenipa nafasi ya kugeuza mawazo. Halafu akainuka. Aliniwekea mkono kichwani, akachukua mti wa machela na turubai, akaondoka na Mzee Kashindye bila kugeuka. Niliwaangalia mpaka njia ikawameza, nikaingia ndani kwa Nyamizi, nilikokuwa nimehamia, nikalia, naye akaniambia kama nimekuja kulia tu, kazi hiyo hata yeye anaiweza.

Itundwe haipo tena. Mwaka uliofuata Serikali iliipata, kama ilivyovipata vijiji vyote, tukahamishwa sote na magodoro yetu ya majani, na leo pale ni pori na mbung'o wenyewe. Nimefundisha makazi yale mapya miaka zaidi ya ishirini. Lakini nikisema nyumbani, moyo wangu huenda kwenye nyumba ya tatu, ya Nyamizi.

Sitaki kudanganya kwamba mwaka ule wa Itundwe ulikuwa rahisi. Mvua zilipoanza, ngozi za magoti zilioza kwa tope, nikapata vidonda mimi niliyekuja kuosha kidonda cha mwenzangu. Mwanajuma, jirani yetu Mwislamu, ndiye aliyekuwa akinipeleka kichakani siku za utelezi, na hakunifanya nione haya hata siku moja. Nilishikwa homa wiki mbili. Kuna asubuhi nilizoamka nikamwuliza Mungu kama hii ndiyo kazi, kufundisha watu wa kukimbia nami siwezi hata kufika kisimani. Hakunijibu. Nilifunga ngozi zangu nikatoka.

Nilifundisha kwa njia yangu. Kila fungu la katekisimu lilikuwa na zamu yake. Ukimaliza sala ya Baba Yetu, unamgeuza Nyamizi. Ukikariri matendo ya huruma, unakwenda kuni. Walinung'unika sana, wakisema Hilari hakuwatesa hivi. Nyamizi mwenyewe hakutaka ubatizo. Alilala anasikiliza masomo yote kupitia ukutani, na mwanafunzi akikwama humtajia jibu kwa kelele, kisha husema Mungu wetu ana maswali mengi. Kidonda chake kilifunga mwezi wa tatu. Ng'washi alikuja zamu zake zote, akafanya kazi zote, hakunisemesha.

Padri Wenceslaus alikuja juma la mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa miguu, ameongozana na mtu na punda. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa kanisa letu la matete. Nilimwamkia, akaitikia, akaangalia magoti yangu tena, na safari hii akayaona madonda.

"Punda huyu ni wako," akasema. "Leo nawahoji. Wakijua, nitawabatiza Pasaka na kuwaletea katekista mwanamume. Wasipojua, kigango kinafungwa. Kwa vyovyote vile wewe unarudi kwa baba yako. Umefanya ya kutosha, mwanangu."

"Sirudi, Padri."

"Leonia. Utii."

"Amri ya machela nimeitii miezi mitano."

Midomo yake ilicheza kidogo ndani ya ndevu, lakini akaingia ndani, akafungua daftari lake. Nikamfuata. Nilijua kwamba wakifaulu nafukuzwa, na wasipofaulu nafukuzwa, na bado nilisali wafaulu.

Hawakufaulu. Hofu iliwaingia. Watu walioweza kutaja yote wakipura mtama walisimama mbele ya ndevu zile wakawa mabubu. Mmoja alisema mitume ni kumi. Ng'washi aliulizwa sakramenti, akataja sita, akarudia ya pili, akahesabu kwa vidole, jasho linamtiririka, ya saba haikuja. Padri alimsubiri kwa subira. Penseli yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka shambani: "Kivuli cheupe! Kivuli cheupe kinakuja!"

Sikumbuki walitokaje. Mlango ulikuwa mmoja. Wengine walipitia ukutani, matete yakalia. Katika muda wa Salamu Maria moja kanisa lilikuwa na magogo ya kukalia, Padri na penseli yake, na mimi chini. Miezi mitano yangu ilikuwa inakimbia kuelekea msituni. Nilijisikia mjinga, mjinga kabisa, na nisingeweza hata kwenda kujificha nisionekane nilivyo mjinga.

Kupitia tundu la ukuta walilolibomoa, nikamwona Ng'washi. Alikuwa anakimbia upande mwingine, anapishana na wenzake, anawasukuma. Aliingia nyumba ya tatu. Alipotoka alikuwa amembeba mama yake mgongoni, mikono myembamba imemzunguka shingo, na Nyamizi anapiga kelele juu huko: "Polepole, mimi si gunia!" Nyuma yao walitoka watu wawili, mmoja na mkeka, mmoja na kata ya maji, wakiangalia isimwagike.

Marcelina, mdogo kuliko wote darasani, alirudi kanisani anahema, akachuchumaa mbele yangu akanipa mgongo. "Panda, mwalimu."

"Mimi sikimbii."

"Mwalimu, wanakuja."

"Nimeona. Nenda kamshikie Nyamizi mguu ule mbovu usining'inie."

Akaenda. Padri Wenceslaus alikuwa amesimama kwenye tundu la ukuta, daftari amelishika kifuani. Alisimama hapo muda mrefu baada ya msitu kutulia.

Safari hii alikuwa Bwana Shauri kweli. Wabebaji walimtua kivulini, askari wawili wakajipanga, naye akabaki ndani ya machela yake anajipepea. Karani ndiye aliyekuja, kijana wa Tabora mjini, suruali fupi imepigwa pasi, kitabu kikubwa kwapani. Alipiga hodi, akamwamkia Padri kwa heshima.

"Watu wa hapa wako wapi, Padri?"

Padri Wenceslaus hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilikuwa namjua tangu utotoni; hata kuhusu dawa chungu hakudanganya watoto.

"Niko mimi," nikasema. "Andika."

Karani aliangalia juu, akaangalia kando, ndipo akaangalia chini. "Wewe?"

"Kazi yako si kuhesabu watu? Mimi ni mtu. Leonia binti Masolwa. Wengine utawaandika watakaporudi."

Aliguna, lakini alifungua kitabu akalaza ukurasa juu ya gogo. Aliandika jina. Alipofika mahali pa kazi hakuniuliza. Aliyatazama magoti yangu akaanza kuandika mwenyewe. Nilijua kusoma maandishi yaliyopinduka tangu nikiwa mtoto, kwa sababu vitabu vyote niliviona kutoka chini. Aliandika: hana.

"Ninayo kazi," nikamwambia. "Katekista wa Itundwe."

Karani alitabasamu, akamgeukia Padri, kama watu wazima wanavyotazamana mtoto akisema jambo. "Ni kweli, Padri? Huyu ni katekista?"

Nje punda alikung'uta masikio. Bwana Shauri aliuliza kitu kwa Kiingereza kutoka kwenye machela yake. Mimi sikumwangalia Padri. Niliangalia sakafu, nikangoja.

"Ni kweli," alisema Padri Wenceslaus. "Ni katekista wangu."

Karani akalikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake. Walikaa kama nusu saa, wakahesabu nyumba, wakaondoka. Padri alitoka nje akazungumza na mtu wa punda, na mtu yule akamfungua punda, akampeleka malishoni. Padri akarudi, akaketi kwenye gogo la mbele, akanyoosha miguu yake mirefu iliyojaa vumbi.

"Watu hawa," akaniuliza, "kwa kawaida wanarudi saa ngapi?"

"Jua likipinda, Padri."

"Basi tuwangoje," akasema. "Ng'washi bado anadaiwa sakramenti moja."